Uso wa Mtoto na Sanaa ya Mwigizaji

Iko desturi katika uhakiki wa sinema ya kuwahukumu kwa neno moja wale walioanza kuigiza wangali watoto: husemwa kwamba walichanua mapema, wakanyauka mapema. Hukumu hii ni nyepesi kutamka, lakini haielezi ni kitu gani hasa kilichonyauka. Katika makala haya nataka kuipima kwa kazi ya mtu mmoja, Jackie Coogan, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1914 na kufariki mwaka 1984.

Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa The Kid, picha isiyo na sauti. Maskini asiye na mbele wala nyuma anaokota mtoto mchanga aliyetupwa, naye anamlea katika chumba kibovu cha darini. Coogan ndiye mtoto huyo afikapo umri wa miaka mitano. Riziki yao ni ya hila: mtoto huvunja madirisha ya watu kwa mawe, kisha mlezi hutokea njiani na vioo mgongoni, kama fundi aliyeletwa na bahati. Siku moja mtoto arudisha mkono nyuma ili atupe jiwe, na mkono wagusa nguo ya askari polisi aliyesimama nyuma yake. Hapo ndipo tuuonapo ustadi. Mtoto hashtuki kwa kelele wala kwa uso uliokunjwa. Ageuka, atazama juu, alichezea jiwe kana kwamba ndio mchezo wake tangu asubuhi, kisha atoka mbio. Kila tendo lina kipimo chake, na hakuna hata moja lililozidi.

Lakini watazamaji hawakumkumbuka kwa jiwe. Walimkumbuka kwa machozi. Katika onyesho kubwa la picha hiyo mtoto anachukuliwa kwa nguvu apelekwe makao ya yatima, naye anyosha mikono akimlilia mlezi wake. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964, Chaplin asimulia kuwa baba wa mtoto ndiye aliyemliza, kwa kumtisha kwamba asipolia atapelekwa makao hayo kweli. Wengi wangekomea hapa na kusema kuwa yale hayakuwa maigizo, bali hofu ya mtoto. Simulizi lenyewe, hata hivyo, laendelea: baadaye mtoto alimnong'oneza Chaplin kuwa alijua baba yake anafanya mzaha tu. Ikiwa ndivyo, basi alilia huku akijua, na kulia huku ukijua ndiyo kazi ya mwigizaji.

Ulimwengu haukuyafikiri hayo. Ulipenda uso mdogo, macho makubwa na nywele zilizofunika paji. Mwaka 1922 alicheza Oliver Twist pamoja na Lon Chaney, na mwaka 1924 alisafiri ng'ambo kukusanya misaada kwa ajili ya yatima wa Mashariki ya Karibu. Mwaka 1927 hata kukatwa kwa nywele zake kuligeuzwa kisa cha picha ya sinema. Tangu hapo mapenzi yalipungua. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?

Jana yake, kwa hakika, ililiwa na wengine. Inakadiriwa kuwa utotoni alichuma dola milioni 3 au 4. Baba yake alifariki mwaka 1935 katika ajali ya motokaa. Kijana alipokuwa mtu mzima hakukabidhiwa mali ile, na mwaka 1938 aliwashtaki mama yake na baba yake wa kambo. Sheria ya California wakati huo iliwapa wazazi haki juu ya pato la mtoto. Mwisho wa kesi alipata kiasi cha dola 126,000 tu. Aibu hiyo ilizaa sheria ya mwaka 1939 iitwayo kwa jina lake, ya kumwekea mtoto sehemu ya ujira wake. Marekebisho yaliyoanza mwaka 2000 yaliufanya ujira huo kuwa mali ya mtoto mwenyewe, na asilimia 15 yake huwekwa akiba mpaka akue.

Baada ya vita kuu ya pili, ambayo alitumikia kama rubani wa ndege zisizo na injini, Coogan alipata kazi nyingi ndogo ndogo. Sitazitetea zote, nyingi hazikumpa nafasi ya kuonyesha lolote. Kisha, kati ya mwaka 1964 na 1966, televisheni ilimtoa katika The Addams Family akiwa Mjomba Fester: mnene, mwenye upara, amevaa joho jeusi, naye huwasha globu ya umeme kwa kuitia kinywani. Wako waliomtazama wakasikitika, wakitafuta mtoto wa darini. Kichekesho cha globu, nakiri, hurudiwa hata huchosha. Lakini mtazame atulizapo mwili kabla ya kutenda, na atendapo upuuzi kwa uso wa mtu aliye kazini: kipimo ni kile kile cha mtoto mwenye jiwe mbele ya askari. Uso ndio uliotoweka, na uso haukuwa sanaa yake.

Kwa hiyo hukumu ya kunyauka yahusu mapenzi ya watazamaji kuliko kipaji cha mwigizaji. Sheria ilikuja kuwatambua watoto wa sinema kuwa wafanyakazi wanaostahili ujira wao. Uhakiki nao una wajibu wa namna hiyo hiyo: kuitazama kazi ya mtoto kama kazi, na kumhesabia mtu mzima kile alichokijua tangu utotoni.