Deni la Ratili

Mtu ashukaye kutoka Bunia kwa njia ya Bogoro kuelekea Kasenyi, akifika pale ambapo uwanda wa juu unakatika ghafla na Ziwa Albert likamdhihirikia zaidi ya mita 600 chini ya nyayo zake, hana budi kujiuliza, kama ana hata chembe ya mapenzi ya vyombo vya majini, ni kwa hila gani chombo cha tanga kiliwahi kuletwa katika maji haya, ilhali upande wa kaskazini Nile imezibwa na maporomoko, upande wa magharibi umelala msitu ambao jua halipenyi, na upande wa bahari ni mwendo wa miezi. Jawabu mojawapo la swali hilo ni boti ya chuma iitwayo Advance, nami nakusudia kuichambua hapa kama fundi anavyochambua kazi ya fundi mwenziwe: ilivyoundwa, ilivyobebwa, na kilichowalazimu mabaharia wake kwa sababu ya namna ilivyoundwa.

Boti hiyo iliagizwa mwaka 1887 kwa kampuni ya Forrest and Son ya Uingereza, kwa ajili ya msafara wa Henry Morton Stanley wa kumtafuta Emin Pasha, liwali wa jimbo la Ikweta. Urefu wake ulikuwa futi 28, upana wake futi 6, kina chake futi 2 na nusu. Chuma chake kilipakwa zinki kisishikwe na kutu. Na mwili wake wote uligawanywa vipande kumi na viwili, kila kimoja kikiwa na uzito wa ratili 75 hivi, yaani kilo 34. Kipande cha omo na kipande cha tezi vilifunikwa juu na kuzibwa visiingie maji, ili hata chombo kikijaa kisizame. Msomaji na azingatie hiyo ratili 75, kwa maana humo imo siri yote: haikutokana na hesabu ya mawimbi wala ya upepo, bali ya shingo na mabega ya mpagazi.

Stanley alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa hesabu mbaya. Katika safari yake ya mwaka 1874 alikuwa na mashua ya mbao iitwayo Lady Alice, futi 40 kwa urefu na futi 6 kwa upana, iliyoundwa kwa vipande vitano. Nayo ilipofika Unguja vipande vile vikaonekana vizito kupita kadiri ya kubebeka, ikalazimu seremala avigawe upya kabla msafara haujaondoka Bagamoyo. Mashua hiyo ikashushwa Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Kagehyi, tarehe 8 Machi 1875, ikalizunguka ziwa zima na visiwa vyake kwa siku 57. Safari ya Advance, basi, ilianza na funzo hilo mkononi: chuma badala ya mbao, futi 28 badala ya 40, vipande kumi na viwili badala ya vitano.

Lakini hesabu njema ya nchi kavu huzaa deni majini. Ratili 75 mara kumi na mbili ni ratili 900, sawa na kilo 408. Na chombo cha mita nane na nusu chenye uzito wa kilo 408 ni chepesi mno, kwa maana watu kumi wa kilo 60 kila mmoja wakiketi ndani yake, uzito wao unaupita uzito wa chombo chenyewe. Maana yake kwa nahodha ni kwamba farumi ya boti hiyo haikuwa mawe wala mchanga, bali watu, tena farumi yenye miguu, yenye hofu, yenye kuinuka ghafla kutazama kiboko. Zaidi ya hayo, urefu wake ulikaribia mara tano ya upana, umbo linalofaa makasia kuliko tanga, kwa sababu chombo chembamba hukata maji vizuri kikisukumwa kutoka pande mbili, ila kikisukumwa na upepo kutoka ubavuni huinama upesi na kuchelewa kusimama. Na chombo cha kina cha futi 2 na nusu, kisicho na mkuku mrefu wa kukizuia, kikijaribu kupiga bisho, huteleza kando kwenda demani karibu sawa na kinavyokwenda mbele, hata baharia akadhani amepanda joshi, kumbe amesogezwa pwani.

Tuiache boti kidogo tuwatazame walioibeba. Vitabu humtaja Stanley, na baada yake Jephson, Mwingereza kijana aliyekabidhiwa usimamizi wa chombo. Lakini vipande vile kumi na viwili vilipita msituni juu ya miili ya Wangwana wa Unguja na wa mrima, ambao wengi wao hawakurudi. Waliondoka Yambuya tarehe 28 Juni 1887, wakaiunga boti kila mto Aruwimi ulipopitika ili ibebe mizigo na wagonjwa, wakaifungua kila walipokabiliwa na maporomoko, wakaiunga tena. Huo ndio ustadi ambao sijaona ukisifiwa ipasavyo. Kuunga chombo mara moja katika karakana ni kazi ya nusu siku. Kukiunga na kukifungua mara kwa mara juu ya matope, bila kupoteza bolti, bila kukunja ukingo wa kipande kimoja usije ukakataa kupatana na mwenziwe, ni kazi ya watu wenye nidhamu kubwa kuliko ile waliyosifiwa na wakubwa wao. Njaa ilipozidi, boti ikaachwa nyuma msituni, na msafara ukaendelea bila yake.

Hapo ndipo thamani yake ilipojulikana kwa kukosekana. Tarehe 13 Desemba 1887 Stanley alisimama ukingoni mwa uwanda huu wetu akalitazama ziwa, na siku iliyofuata akatambua kuwa ametazama bure: wenyeji wa pwani walikataa kumpa mtumbwi, wala mteremkoni hapakuwa na mti mkubwa wa kuchongwa. Mwenye kuijua pwani ya Kasenyi hatashangaa, kwani hata leo miti ya pwani ile ni mifupi yenye miiba. Msafara ukarudi msituni, ukajenga ngome iliyoitwa Fort Bodo, na luteni Stairs akatumwa Ipoto kuirejesha boti. Mwezi wa Aprili 1888 vipande kumi na viwili vikapanda uwanda, vikateremka ukingo, vikaungwa ufukoni chini ya nchi ya Kavalli, na Jephson akaenda nayo kaskazini kandokando ya pwani ya magharibi mpaka kituo cha Mswa, akapeleka habari. Na tarehe 29 Aprili Emin mwenyewe akafika kwa meli yake ya moshi, Khedive.

Sasa tuingie katika upepo, ambao ndio ulioamua namna ya kwenda. Ziwa Albert lina urefu wa kilometa 160 hivi na upana usiozidi sana kilometa 30, limelala kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki katikati ya kuta mbili za Bonde la Ufa, mfano wa ujia kati ya nyumba mbili za mawe. Na kila mtu aliyekaa Unguja au Lamu anajua upepo unavyofanya ujiani. Usiku uwanda wa juu hupoa upesi kuliko maji, hewa nzito ikateremka ukuta kuelekea ziwani. Hivyo alfajiri, kwa mtu wa pwani yetu, upepo hutoka nchi kavu, mwanana, na maji ya karibu na ufuko huwa shwari. Ni sawasawa na umande wa pwani ya bahari, na mabaharia wa Jephson, waliozaliwa na upepo huo, hawakuhitaji kufundishwa. Jua likipanda, mambo hugeuka: ardhi hupata moto, hewa hupanda, na upepo wa ziwa huja kujaza nafasi, ukimsukuma baharia kwenye pwani yenye mawe na makimbilio machache. Samuel Baker, aliyeshuka upande wa mashariki wa ziwa hilohilo mwezi wa Machi 1864 kwa mitumbwi, aliona kwamba saa saba ya mchana dhoruba ya kusini-magharibi ilikuwa ikiamka karibu kila siku na kurusha mawimbi makubwa ufukoni. Akashona tanga kwa shuka lake zito la sufu na kufanya usukani kwa kafi kubwa, na pamoja na hila hizo safari yake ya kwenda Magungo ikamchukua siku 13.

Kwa hiyo deni la ratili hulipwa kwa saa. Chombo kizito chenye mkuku mrefu kinaweza kungoja upepo na kupambana nao. Chombo chepesi kilichopunguzwa uzito kwa sababu ya shingo za watu hakina silaha hiyo, na nahodha wake hana budi kung'oa nanga gizani, kwenda kwa umande, na kuwa amekwisha kutua kabla jua halijawa utosini. Mwendo wa kaskazini-mashariki, aliokuwa nao Jephson, una hatari yake mahsusi: upepo wa kusini-magharibi unapokuja nyuma, mtu hudhani amepata bahati, kumbe wimbi likiinua tezi ya chombo chembamba, usukani hutoka majini, omo huzama mbele, na chombo hujigeuza ubavu bila kuombwa. Dawa yake ni kutua foromali mapema au kukunja tanga mpaka kibakie kitambaa cha kuelekeza tu, kuwarudisha watu wawili au watatu karibu na tezi, na kuburuta nyuma kamba ndefu iliyofungwa kitu kizito, ili tezi ivutwe isipate kukimbia kuliko omo. Mwingine huchelewa kukunja kwa kuona haya mbele ya wenziwe. Haya hiyo nimeiona Tchomia zaidi ya mara moja, tena kwa watu wazima.

Lady Alice ilitoa ushahidi wa kinyume. Huko kisiwa cha Bumbireh, katika Ziwa Viktoria, mwezi wa Aprili 1875, baada ya ugomvi na wenyeji ambao sifa zake si njema kwa Stanley, mabaharia wake kumi na mmoja walitoroka bila makasia, wakang'oa mbao za chombo kuyapiga maji, na tufani ilipowakuta usiku hawakuwa na la kufanya ila kupeperushwa. Chombo chepesi kikikosa msukumo hulala ubavu kwa wimbi, na hapo kufua maji ndiyo kazi iliyobaki.

Kuhusu kutua pwani, kanuni ya mashua ndogo ni moja: nanga itupwe nje ya mapovu, omo ikielekea ziwani, kisha amari ilegezwe pole pole mpaka tezi iguse mchanga, watu washuke, na chombo kivutwe nje tena kwa kamba ileile. Anayeingia kwa omo huwa ameugeuzia mgongo upepo, na kutoka kwake asubuhi kutakuwa ni kusukumana na mawimbi. Romolo Gessi, Mtaliani aliyelizunguka ziwa hili kwa mara ya kwanza mwaka 1876 kwa mashua mbili za chuma zilizopelekwa vipande vipande mpaka Dufile, alitumia kiasi cha siku tisa kumaliza duara lake, dhoruba zikimsumbua. Na kule kusini, ambako maji ni haba na miti myepesi imeayo majini inaziba pwani, hakuuona mto Semliki, ambao mpelelezi aitwaye Mason aliutambua mwaka uliofuata kwa meli ya moshi. Simlaumu Gessi: mwenye tanga hathubutu kuingia ndani ya ghuba ya maji haba ambayo upepo unaielekea.

Leo mashua za kubebwa kwa gari la kukokotwa zimeenea duniani, na muundaji wake anashindana na deni lilelile kwa sura nyingine, maana mahali pa shingo ya mpagazi pameshikwa na upana wa barabara na nguvu ya gari. Upana wake hauwezi kupita mita mbili na nusu hivi. Ila kwa kuwa urefu wake huwa mita sita au saba, uwiano ni chini ya tatu kwa moja, nao unafaa tanga kuliko ule wa Advance. Mkuku wake ni ubao unaoshushwa na kuinuliwa kwa kamba, unaozuia kuteleza demani na kupanda juu karibu na mchanga. Na nyingine zina tangi la farumi ya maji, linalojazwa ziwani na kumwagwa kabla ya kurudi garini, hila ambayo wabebaji wa msitu wa Ituri wangeifurahia kuliko wote.

Mtu wa Bunia atakayetaka kuleta mashua ya namna hiyo Kasenyi asijidanganye kwamba ataondoka mjini asubuhi, ateremke barabara ya Bogoro na gari lake la kukokotwa, asimamishe mlingoti, apate kutweka tanga. Barabara itamla saa, mlingoti utamla saa nyingine, na atakapoelea atakuwa anaupokea upepo wa mchana usoni. Na ashuke jana yake; aiunge jioni, akague kila kifungo kukiwa bado kuna nuru, aliache tanga limekunjwa mkunjo mmoja tangu nchi kavu, alale ufukoni pamoja na wavuvi, na atakapousikia umande umeanza kushuka kutoka ukutani na moshi wa mioto yao umeinamia ziwani, ndipo ang'oe nanga.