Elena ni Mkenya wa Wapi?

Mara ya kwanza kumwona Elena nilikuwa kwenye kibanda cha gemu mtaani, nikisubiri zamu yangu. Msee aliyekuwa anacheza alimchagua, akageuka, akatuambia, "Huyu ni wetu." Wote tukasogea kwa skrini. Msichana mrefu, mweusi, nywele nyeupe pe, macho ya buluu, miguu mitupu, bikini nyeupe na bangili za rangi shingoni, mikononi na miguuni. Kukawa kimya kidogo. Kisha mtoto mmoja akauliza, "Wetu wa wapi?"

Swali hilo bado linanisumbua.

Elena aliingia kwenye Street Fighter III mwaka wa 1997. Kampuni ya Capcom, ya Japani, inasema ametoka Kenya. Baba yake ni mkuu wa kabila, naye anaenda kusoma ng'ambo na kutafuta marafiki. Mtindo wake wa kupigana ni capoeira. Sasa, capoeira ni sanaa ya Waafrika waliofanywa watumwa kule Brazil. Ni Afrika, ndiyo, lakini imezaliwa ng'ambo ya pili ya bahari. Kumpa Mkenya capoeira ni kama kumpikia mgeni wa Kisumu feijoada na kumwambia, "Karibu, chakula cha kwenu."

Lakini hebu tuangalie zile nywele. Mwaka wa 1975, Len Wein na Dave Cockrum walimleta Storm kwenye vitabu vya X-Men. Mwanamke mweusi, nywele nyeupe, macho ya buluu, mama yake binti wa kifalme kutoka Kenya. Tunapokutana naye mara ya kwanza yuko hapa kwetu, watu wanamwabudu kama mungu wa mvua. Na mwaka wa 1994, nani alimchora Storm ndani ya gemu ya kupigana iitwayo X-Men: Children of the Atom? Ni Capcom hao hao. Miaka mitatu baadaye, Elena huyo.

Kufanana si ushahidi wa wizi, na mimi si wakili wa Marvel. Tena ulimwengu wa gemu za kupigana umejengwa kwa kuigana. Takashi Nishiyama aliongoza Street Fighter ya kwanza mwaka wa 1987, kisha akahamia kampuni ya SNK. Mwaka wa 1992 SNK wakatoa Art of Fighting, na shujaa wake ni Ryo Sakazaki. Jina karibu sawa na Ryu, nywele za manjano kama za Ken, vazi la karate, moto unaotoka mikononi. Capcom walijibu vipi? Mwaka wa 1995 wakamchora Dan Hibiki kwenye Street Fighter Alpha. Amevaa vazi la waridi, amefungwa nywele kama Robert, rafiki wa Ryo, na moto wake unazimika kabla haujafika popote. Dan ni kicheko kizima kilichopewa miguu. Baadaye kampuni hizo mbili zikaungana kwenye Capcom vs. SNK, mwaka wa 2000.

Huo ndio uigaji ninaoupenda. Wewe unaniiga, mimi nakucheka, mwisho tunacheza pamoja. Unawezekana kwa sababu kila upande una kalamu.

Hata mahakama iliwahi kuombwa iamue. Mwaka wa 1994 Capcom waliwashtaki Data East huko California, wakidai gemu ya Fighter's History imeiga Street Fighter II. Waliomba izuiwe, wakakosa. Jaji aliona kwamba mengi yaliyofanana ni mambo ya kawaida ambayo hayana mwenyewe: wapiganaji wa aina inayojulikana, mateke yanayojulikana.

Kwa sheria, naona jaji alikuwa sawa. Lakini fikiria maneno hayo ukiwa Mkenya. "Binti wa Kiafrika wa porini, asiye na viatu, mwenye nguvu za ajabu" naye amekuwa aina inayojulikana. Hana mwenyewe, kila mtu anaweza kumchukua. Tofauti ni kwamba huyu amepewa anwani, na anwani hiyo ni kwetu. Ubaya wa Elena si kwamba anafanana na Storm. Ubaya ni kwamba anafanana na Storm kuliko anavyofanana na mtu yeyote niliyewahi kupanda naye matatu. Mchoro umetazama mchoro mwingine, na Kenya imebaki kuwa jina tu.

Wangetazama, wangeona nini? Mwaka wa 1988 huko Seoul, karibu kabisa na Japani, Robert Wangila alishinda dhahabu ya Olimpiki ya ndondi akiwa na jezi ya Kenya. Picha zilikuwepo.

Na bado nampenda Elena, siwezi kudanganya. Waliomchora walimchora kwa bidii. Hatulii hata sekunde. Mwili wote unayumba kama yuko kwenye ngoma. Ukibonyeza kitufe cha ngumi, yeye anarusha teke. Ana hata uwezo wa kujiponya katikati ya pigano, jambo linalomkasirisha mpinzani vibaya sana. Mwezi wa Juni 2025 amerudi kwenye Street Fighter 6, na nywele ni zile zile nyeupe.

Kwa hivyo sitaki afutwe. Ninachotaka ni jibu. Tuna vijana wanaochora usiku kucha kwa simu zenye kioo kilichopasuka. Mmoja wao atuchoree Dan wetu: binti wa Kenya aliyesukwa nywele kwa jirani, amevaa raba, na akiulizwa kuhusu capoeira anasema, "Hiyo siijui, lakini kuja nikuonyeshe ndondi."

Mpaka huyo achorwe, nitaendelea kumchagua Elena. Na yule mtoto wa kibandani ana haki ya kuendelea kuuliza.