Kuisoma Injini Mpya ya Karasha

Kuanzia Kakola, mlangoni mwa mgodi wa Bulyanhulu, hadi Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, pale ambapo umeme haujafika karasha ya kusaga mawe ya dhahabu huzungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja kutoka China. Muundo uliozoeleka sana ni S195: silinda ya milimita 95, mwendo wa pistoni milimita 115, nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Viwanda vingi hutengeneza muundo huohuo, hivyo injini mbili za rangi moja zinaweza kutofautiana kabisa ndani. Wanunuzi wengi huangalia rangi na kusikiliza mlio. Kwangu mimi, hukumu ya kweli hutolewa na oili ya kwanza.

Dukani pana mambo machache tu ya kupima. Omba wafungue kifuniko cha nyuma, kisha pitisha kitambaa cheupe kwenye kuta za ndani. Kikitoka na chembe za mchanga, huo ni mchanga wa kalibu uliosalia baada ya chuma kumiminwa; injini hiyo usiichukue. Zungusha hendeli polepole bila kuachia kompresheni. Inapaswa kugoma, kisha ikusukume mkono kurudi nyuma. Ukisikia hewa ikivuja kidogo kupitia ringi, usiogope, ringi mpya bado hazijakaa. Kinachotisha ni hendeli kukwaruza mahali palepale kila mzunguko.

Ukuta wa slivu mpya, yaani bomba la ndani la silinda, una mistari myembamba iliyokatizana, iliyochorwa makusudi kiwandani ili ishike oili. Mistari hiyo ina vilele vikali, na ringi nazo hazijalingana na ukuta. Katika saa 50 za mwanzo, vilele husagika na ringi hujipatia njia yake. Chuma kinacholika hapo ni lazima kiende mahali, nacho huenda kwenye oili. Ndiyo maana oili ya kwanza ya injini nzuri hutoka ikiwa na rangi ya kijivu inayometameta, na fundi asiyejua hupiga kelele kwamba umeuziwa mbovu. Moshi wa rangi inayoungua kwenye ekzosi siku ya kwanza, oili inayopungua kidogo kwenye kijiti cha kupimia, jasho la oili kwenye gasketi kabla nati hazijakazwa upya: yote hayo ni ya kawaida, mradi yapungue siku hadi siku.

Imwage oili hiyo ya kwanza ikiwa ya moto, kwenye sinia jeupe, juani. Mtu anayeweza kuona punje ya dhahabu kwenye karai la mchanga mweusi tayari anayo macho ya kazi hii. Sugua tone moja katikati ya vidole viwili. Vumbi laini lisilohisika ni ringi na slivu zinazoelewana. Kitu kinachokwaruza kidole, au kigamba kinachoonekana kwa macho, ni kipande kilichobanduka. Pitisha sumaku ya spika chini ya sinia uone nini kinaifuata. Kinachofuata ni chuma. Kinachobaki nyuma kikiwa cha njano kimetoka kwenye bushi ya pini ya pistoni. Kikiwa cheupe na laini, kimetoka kwenye pistoni au beringi za fimbo yake, na hapo zima injini mpaka ifunguliwe. Oili ya pili iwe na mng'ao mdogo kuliko ya kwanza. Ikilingana nayo, kuna kitu kinaendelea kuliwa.

Kosa linaloua injini nyingi nzuri ni huruma. Mwenye nayo huiacha ingurume mchana kutwa bila mzigo, akidhani anaizoeza. Ringi husukumwa ukutani na mgandamizo wa moto wa kazi. Bila mzigo zinateleza tu, ukuta unang'aa kama kioo, na tangu hapo injini hula oili na kutoa moshi wa bluu. Ifungie karasha tangu mwanzo, yenye mawe machache, uongeze kidogo kidogo.

Lakini adui mkubwa wa injini katika ukanda huu ni vumbi. Dhahabu yetu hukaa sana kwenye kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha slivu. Karasha ikisaga mawe makavu, hewa yote inayoizunguka ni msasa, na mapafu ya vijana wanaoilisha yanaumia kwa vumbi hilohilo. Ukifungua silinda ukakuta mikwaruzo inayofuata mwendo wa pistoni juu ya ile mistari iliyokatizana, usimlaumu aliyeitengeneza. Chomoa bomba kati ya kichujio cha hewa na kichwa cha injini, ingiza kidole: bomba hilo halipaswi kuwa na vumbi hata chembe. Likiwa nalo, kaza klipu, safisha kichujio na ubadilishe oili ya bakuli lake kila asubuhi. Na injini iweke upande upepo unakotokea, mbali na karasha, hata kama itakubidi kununua mkanda mrefu zaidi. Mkanda ni bei ndogo sana ukiulinganisha na slivu, pistoni na ringi mpya kabla mwaka haujaisha.