Kilwa Ipi?

Magofu ya Kilwa Kisiwani yako nyuzi 8.96 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.52 mashariki ya Greenwich. Anayeiandikia mashine mahali hapo huandika namba mbili, -8.96 kisha 39.52. Akiisahau alama ya kutoa, Msikiti Mkuu unang'oka ufukweni na kutua Ethiopia, mashariki ya Addis Ababa, bara kabisa. Akiigeuza safu, ya pili ikaitangulia ya kwanza, msikiti unatua Ureno, kilomita chache kutoka mji wa Alcobaça. Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida walibeba walichoweza. Msikiti uliwashinda. Kosa la kuchapa halishindwi nao.

Kuna mafundi ambao kazi yao ni kuzuia mambo ya namna hiyo, na kazi yao haina mtazamaji. Mgeni anayefungua tovuti ya nyumba ya wageni pale Kilwa Masoko huona picha ya bahari, bei ya chumba na namba ya simu, basi. Nyuma ya ukurasa, ndani ya msimbo, kuna maelezo mengine yaliyoandikwa kwa ajili ya msomaji asiye na macho: hapa ni nyumba ya wageni, si mgahawa, jina lake ni hili, iko mahali hapa, mapokezi hufunguliwa saa hii. Hizo ndizo data zilizopangwa, na hapa zitaitwa lebo tu.

Miaka michache iliyopita, aliyetafuta kitu mtandaoni alipewa orodha ya viungo achague mwenyewe. Leo anaiuliza akili mnemba, nayo inamjibu kwa sentensi kamili. Kila mwenye biashara anataka jina lake liwemo ndani ya jibu hilo, na lebo zimeanza kunadiwa kama dawa ya mvuto. Hiyo ni bahati mbaya kwa ufundi ambao siku zote umeishi kwa watu wasio na haraka.

Chukua jina lenyewe la Kilwa. Pwani ya Tanzania ziko tatu: Kisiwani, Kivinje na Masoko. Iko nyingine Kongo, mkoani Haut-Katanga, kando ya Ziwa Mweru, na wenyeji wa mkoa huo nao wanazungumza Kiswahili. Ndani ya ziwa hilo hilo, upande wa Zambia, kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa. Abiria akimwambia konda pale Mbagala Rangi Tatu kwamba anakwenda Kilwa, huenda akaulizwa Masoko au Kivinje. Ya Kongo haimpitikii mtu akilini. Mashine haikusimama Mbagala. Ikikuta neno Kilwa inakisia kwa maneno ya jirani, mpaka fundi aandike mstari mmoja uitwao sameAs na kuuelekeza kwenye Wikidata, hazina iliyoanzishwa mwaka 2012 ambamo kila kitu kina namba yake peke yake. Hapo ubishi unakwisha.

Halafu linakuja swali la aina. Msamiati unaotumiwa na mafundi hawa, Schema.org, una aina ya msikiti na una aina ya jengo la kihistoria. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, gofu lililomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, uwekwe wapi? Fundi mvivu ataandika msikiti, apite. Kisha msafiri ataiuliza simu yake siku ya Ijumaa ni msikiti gani ulio karibu, na jibu litamvusha kwa mashua hadi kwenye nguzo zisizo na imamu. Fundi makini ataandika jengo la kihistoria, na kwenye maelezo atasema kuwa palikuwa msikiti. Hakuna atakayemlipa ziada kwa dakika alizozitumia kufikiri hivyo.

Na saa je? Ubao wa mlangoni unasema mapokezi hufunguliwa saa 2:00 asubuhi, na kila mpita njia anaelewa. Mashine iliyopewa 2:00 hiyo hiyo itamwamsha mgeni usiku wa manane. Fundi anaandika 08:00. Bei iliyobandikwa ni 25,000/=; fundi anaondoa mkato, anaondoa mstari wa mshazari na alama ya sawasawa, anabakiza 25000, na katika nafasi nyingine anaandika TZS, maana shilingi ziko za Tanzania, za Kenya, za Uganda na za Somalia. Sanduku la posta lina nafasi yake katika msamiati huo, na yeyote aliyelikumbuka anastahili shukrani za Afrika Mashariki, ambako watu wengi hupokea barua kwa S.L.P. Isiyo na nafasi ni ile anwani ya kweli, ya nyuma ya sheli mkabala na mwembe. Serikali ya Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, mitaa ikapata vibao na nyumba zikapata namba, lakini mwelekezaji barabarani bado anaanza na mwembe.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko kompyuta. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliandika fahirisi yake kubwa ya vitabu mnamo 987, na alipofika kwa washairi alitaja wingi wa tungo zao kwa idadi ya karatasi. Hakuishia hapo. Alieleza ni karatasi gani anayoisema: ile ya Sulaimani, yenye mistari 20 kila upande. Huko Ufaransa, mapinduzi yalipotaifisha maktaba za makanisa, makarani walielekezwa mwaka 1791 kuorodhesha vitabu nyuma ya karata, kwa kuwa karata za zama hizo zilikuwa tupu upande wa mgongo. Shupaza na kopa zikawa katalogi ya taifa.

Anayestahili kuketishwa mbele katika historia hii, hata hivyo, ni Henriette Avram. Alizaliwa New York mwaka 1919, akajifunza kuandika programu miaka ya 1950, enzi za kompyuta zilizojaza chumba, na mwaka 1965 akaajiriwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Hakuwa mkutubi. Alipewa kadi za katalogi na kazi ya kuzifanya zisomeke na mashine. Kadi yenyewe ilikuwa na upana wa sentimita 12.5 na kimo cha 7.5, na mkutubi mzoefu aliisoma kwa kuitupia jicho: mstari ulioanzia ndani kidogo ulimwambia jambo, nukta ilimwambia jingine, nafasi iliyoachwa wazi nayo ilisema. Mashine haikuona lolote kati ya hayo. Ikambidi Avram akae na wakutubi, waivunje kadi kipande kwa kipande na kila kipande kipewe namba yake: 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 650 mada. Majaribio yalianza mwaka 1966 katika maktaba 16, na mfumo uliozaliwa, MARC, bado unafanya kazi katika maktaba za dunia.

Ndani ya hiyo 245 kuna tarakimu moja inayostahili kutazamwa kwa karibu. Kitabu cha Kiingereza kikianza na The, mkutubi alikiruka kijineno hicho na kukipanga kitabu kwa neno linalofuata. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Mashine lazima iambiwe, na inaambiwa 4: ruka herufi tatu na nafasi moja. Kitabu cha Kiarabu kinachoanza na al- huandikiwa 3, yaani herufi mbili na kistari. Cha Kiswahili huandikiwa 0, kwa kuwa lugha yenyewe haina kijineno cha namna hiyo. Mtu alikaa chini akayapima yote hayo, lugha kwa lugha, ili msomaji asiyemjua akipate kitabu mahali anapokitarajia. Tarakimu hiyo ina adabu kuliko sehemu kubwa ya teknolojia inayotangazwa leo.

OCLC, shirika la Ohio lililozichapishia maktaba kadi zaidi ya bilioni moja, lilichapisha kadi ya mwisho tarehe 1 Oktoba 2015. Wakati huo kazi ya lebo ilikwisha kuhamia kwingine. Juni 2011 Google, Microsoft na Yahoo, washindani wa soko moja, walikubaliana juu ya msamiati mmoja wa kuzielezea kurasa, ndio hiyo Schema.org, na Yandex ya Urusi ikawafuata mwaka huo huo. Mmoja wa waasisi wake, R. V. Guha, alikuwa amehangaikia jambo hilo tangu miaka ya 1990. Walianza na aina 297 za vitu na mahusiano 187. Mtu yeyote angeweza kubandika lebo kwenye ukurasa wake, bila cheti cha ukutubi na bila kuomba ruhusa.

Uhuru huo ulikuwa zawadi, na zawadi ikachezewa. Dalili zilikuwapo mapema. Kurasa za zamani zilikuwa na sehemu iliyofichwa ya kuandika maneno muhimu, nayo ikajazwa majina ya wanamuziki na wachezaji mpira kwenye kurasa za kuuza matairi, hadi Google ikatangaza Septemba 2009 kwamba haiitazami katika kupanga matokeo. Lebo za Schema.org zikapita njia hiyo hiyo. Ilipojulikana kuwa lebo ya maswali na majibu huongeza nafasi kwenye ukurasa wa matokeo, tovuti zikaanza kujiuliza maswali ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyauliza. Agosti 2023 Google iliibana lebo hiyo, ikaiachia tovuti zinazojulikana za serikali na za afya tu. Nyota za maoni ya wateja nazo zilibandikwa na wenye maduka wenyewe, tano kati ya tano.

Kilichoumiza zaidi ni kwamba waaminifu hawakusalimika. Mwaka 2015 wahakiki wa habari walianza kutengeneza lebo ya kuonyesha dai gani limechunguzwa, nani alilitoa, na limeonekana kuwa kweli au uongo. Ilikuwa lebo ya dhamira njema kabisa. Juni 2025 Google ilitangaza kuwa inaacha kuionyesha kwenye matokeo, pamoja na nyingine kadhaa. Lebo bado inaweza kuandikwa, ila dirisha lililoionyesha kwa umma limefungwa, katika zama ambazo uongo una kasi kuliko boda boda.

Sasa zimekuja akili mnemba, na wanadi hawalali. Ukweli usemwe: mwongozo wa Google unasema hakuna lebo maalumu inayohitajika ili ukurasa uingie katika majibu yake ya akili mnemba. Kwa upande wa Bing, afisa wa Microsoft amesema lebo huzisaidia modeli zao za lugha kuelewa kurasa. Kauli hizi mbili hazigombani. Lebo humsaidia anayesoma kujua anachosoma. Haimlazimishi amtaje mtu. Wauzaji wa huduma husikia kauli ya pili peke yake, na kuiuza kwa bei ya kauli zote mbili. Kuna roboti zinazokusanya kurasa bila kutekeleza JavaScript, kwa hiyo lebo iliyochomekwa na programu baada ya ukurasa kufunguka zinaipita bila kuiona. Mteja amelipa, na hana njia rahisi ya kujua.

Uzembe mwingine uko karibu zaidi na nyumbani. Si ajabu kukuta ukurasa ulioandikwa kwa Kiswahili kuanzia juu hadi chini ukiiambia mashine, katika mstari wake wa pili, kwamba lugha yake ni Kiingereza. Kiolezo kilikuja hivyo na hakuna aliyekigusa. Kusahihisha ni herufi mbili tu, sw mahali pa en. Lugha inayolalamikiwa kila kongamano kwamba haionekani mtandaoni inafichwa na wenyewe, kwa mikono yao, kwenye tovuti zao. Kuna pia tarehe ya kusasishwa, ambayo programu nyingine huibadilisha kila kukicha ili ukurasa uonekane mbichi, wakati ratiba ya boti iliyomo ndani ni ya mwaka juzi. Ibn al-Nadim, aliyeona haja ya kueleza ukubwa wa karatasi yake, angeiitaje tarehe kama hiyo?

Katika MARC kuna sehemu ya 040. Humo huandikwa msimbo wa maktaba iliyotengeneza rekodi, na kila maktaba inayoirekebisha baadaye huongeza wake, hivyo rekodi ya kitabu kimoja inaweza kuwa na msururu wa waliopitisha mikono yao juu yake. Schema.org nayo ina nafasi ya kumtaja aliyetoa lebo. Inaitwa sdPublisher, kando yake ipo ya tarehe ambayo lebo zilitolewa, na hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayomwongezea mtu nyota wala nafasi kwenye matokeo. Violezo vya kununua kwa kawaida haviji nazo. Mwenye nyumba ya wageni hajui kuwa zipo, na aliyemtengenezea tovuti, akizijua, anaziruka kwa sababu hazimo kwenye ankara.