Nani Amlishe Mchongaji?

Sisi watu wa kusini tumezoea kusikia mali yetu ikisifiwa mbali. Mpingo wa misitu yetu huko Ulaya hugeuka kuwa ala za kupuliza, zikashikwa na watu waliovaa suti nyeusi. Vinyago vya Wamakonde vimo katika majumba ya makumbusho ambayo wachongaji wake hawakupata hata kuyaota. Siku hizi limeongezeka jambo jingine, nalo ni taasisi zinazotoa fedha ili wasanii wafanye kazi na watafiti wachunguze. Vijana wa Nachingwea na Ruangwa huzitaja kwa matumaini yale yale ambayo sisi tuliyaweka katika bei ya korosho. Nataka kuzipima taasisi hizo, nami nitatumia mizani moja tu: mfadhili anapoondoka, aliyebaki amebaki na nini?

Nianze na utafiti, maana ndio uliotangulia kufika kwetu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi kwa gharama za serikali yake. Alikuwa na kamera ya sinema na mashine ya kunasa sauti katika silinda za nta. Alifika Masasi na Newala, akakusanya vinyago na vyombo, akanasa nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Wamwera na majirani zao waingie katika Vita vya Maji Maji, na misheni ya Nyangao ilikuwa imekwisha kuchomwa moto. Mtu anayenunua kinyago kwa watu waliotoka katika vita na njaa asijidanganye kwamba muuzaji alikuwa huru kukataa.

Hata hivyo tusimwonee. Weule alikuwa mwangalifu, na sauti alizozinasa ni za mababu ambao bila yeye wangekuwa wamenyamaza kabisa. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani 1908, na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Kina dharau za zama zake, lakini kina pia mambo ambayo wajukuu wa wahusika hawayajui tena. Tatizo ni ile mizani yangu. Vitu vilikwenda Leipzig, sauti zikaenda Ujerumani, kitabu kikaandikwa kwa lugha ambayo mwenye ngoma hakuisoma. Utafiti ulifadhiliwa vizuri sana, na huku kusini haukuacha hata kijitabu.

Mfadhili wa pili alikuwa mfanyabiashara. Katika miaka ya 1950 Mohamed Peera, mwenye duka la vinyago Dar es Salaam, alinunua kazi za wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Miongoni mwao alikuwa Samaki Likankoa, ambaye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, yale maumbo yenye jicho moja, mdomo uliopinda na viungo visivyohesabika. Wako wasomi wanaokunja uso wakisikia kwamba sanaa tunayoiita ya asili ilikuzwa dukani. Mimi sioni aibu yoyote. Peera alifanya jambo ambalo wafadhili wengi hawalifanyi: alipokea kitu ambacho hakukiagiza, akakilipia, akataka kingine. Lakini duka ni duka. Mnunuzi akibadili mawazo, mchongaji hana pa kwenda, na hakuna duka linalomlipa mtu mwaka mzima ili ajaribu na kushindwa.

Ndiyo maana naiheshimu sana Nyumba ya Sanaa. Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, na baadaye ikapata jengo lake kwa msaada wa Norwei. Mwalimu Nyerere alilifungua 1983. Ukitazama orodha ya mambo iliyoyafanya, utaona ni ya kawaida tu: paa, meza, rangi, mbao, mtu wa kufundisha kuchapa picha kwa bamba la chuma, na mahali pa kuuzia. Lakini mtu aliyewahi kuongoza chuo, kama mimi nilivyoongoza cha ualimu, anajua kwamba meza na paa ndizo zinazokosekana kwanza. Vipaji nimeviona kila mwaka. Nilichokiona mara chache ni kipaji chenye mahali pa kukaa baada ya kuhitimu.

George Lilanga ni mfano mzuri. Huyu Mmakonde, aliyezaliwa 1934, aliajiriwa Nyumba ya Sanaa kwanza kama mlinzi wa usiku. Alikuwa amekwisha kujua kuchonga. Pale alikutana na rangi, ngozi, batiki na uchapaji, na yale mashetani ya mpingo yakatoka gizani yakavaa manjano na buluu. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimeoneshwa Washington. Kwangu mimi, thamani ya Lilanga ni kwamba aliyashusha mashetani yakawa majirani. Yana masikio makubwa na matumbo ya duara, yanateta, yanabebana, yanacheza ngoma, yanagombea chakula. Waswahili husema kinyago ukichonge mwenyewe, kisha kikutishe? Lilanga hakutishika. Alicheka nayo, na ukitazama kwa muda unaanza kuwatambua watu wa mtaani kwako, pengine na mwenyekiti wa kijiji.

Kazi zake zote, hata hivyo, si sawa. Za awali nilizoziona, nyingi kwa picha za vitabuni, zina nafasi. Kila umbo linapumua. Nyingi za miaka ya mwisho zimejaa kama basi la Nachingwea siku ya mnada. Wakati huo soko la Ulaya lilikuwa limekwisha kumvamia, naye, akiwa mgonjwa wa kisukari hata akakatwa mguu, alifanya kazi na wasaidizi wengi. Alifariki 2005. Simlaumu mgonjwa kwa kutafuta riziki. Ninachosema ni kwamba mkono wa nyumba iliyomlea na mkono wa soko lililomnunua vinaonekana katika picha zenyewe, na mwenye macho anaweza kuvitofautisha.

Nyumba ya Sanaa sasa imefungwa. Mfadhili alijenga jengo katika kiwanja cha katikati ya jiji ambacho thamani yake ilipanda kila mwaka, lakini hakujenga mfuko wa kulilinda. Kwa mizani yangu aliacha watu na ufundi, na hayo si madogo. Nyumba yenyewe haikubaki.

Mifuko nayo imejaribiwa. Mfuko wa Utamaduni Tanzania ulianzishwa 1998 kwa ushirikiano wa serikali yetu na ya Uswidi, ukatoa ruzuku na tuzo ya Zeze. Fedha za Uswidi zilipokwisha, nguvu zake nazo zilipungua. Katika miaka ya 2020 serikali imeufufua, safari hii zaidi kwa mikopo. Mkopo unamfaa mpiga muziki wa harusi ambaye spika yake italipa deni kila Jumamosi. Sijui mzee anayejua nyimbo za unyago arejeshe mkopo kwa kuuza nini, na heri asijaribu.

Huku jirani, shirika la ADEA la Mtwara lilianzisha tamasha la MaKuYa, jina lililotokana na Wamakonde, Wamakua na Wayao. Sisi Wamwera wa Ruponda hatumo katika jina hilo, lakini sitagombana na silabi. Lililonipendeza ni kwamba vikundi vya vijijini vilipanda jukwaani vikiwa na ngoma zao, bila kulazimika kwanza kuwa kivutio cha watalii wa Dar es Salaam. Tamasha hata hivyo ni siku chache. Mpiga ngoma hurudi nyumbani akakuta mwanawe hataki kujifunza, na siku hiyo hakuna mfadhili anayepiga picha.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, fundi seremala anayechonga pia, aliniletea fomu ya taasisi moja ya sanaa ili nimsaidie kuijaza. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na moja. Ilimtaka aeleze nadharia yake ya mabadiliko, na jinsi atakavyopima matokeo. Akaniuliza, "Shikamoo Mwalimu, hivi mtu anayechonga miko ana nadharia gani?" Tulicheka, lakini fomu hatukuimaliza. Ilikuwa inapima uwezo wa kuandika maombi, na huo ni ufundi mwingine kabisa, unaostahili tuzo yake peke yake.

Ningekuwa mmoja wa wanaogawa fedha hizo, ningemtuma mtu atazame kazi kwa macho na aulize kwa Kiswahili. Ningelipia meza, paa na miaka mitatu badala ya wiki moja ya warsha. Na kwa kila mtafiti anayekuja kutoka Leipzig, au kutoka Dar es Salaam maana nao hawana tofauti kubwa, ningeweka sharti katika mkataba: nakala ya kila sauti, picha na ukurasa ibaki katika shule ya kata alikofanyia kazi, kwa lugha inayosomwa pale. Ningeanza na zile sauti za 1906. Siku hizi wimbo unaingia katika simu ya mwalimu kabla chai haijapoa, na wapo wazee wachache, Masasi na Newala, ambao bado wanaweza kusikiliza na kusema huu ni wimbo gani na uliimbwa lini.