Mpenzi wa Msondo na Hukumu Zake

Kijiji cha Fukayosi kimekaa kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, mbali kidogo na bahari, na mbali zaidi na kumbi za dansi za Dar es Salaam. Kijijini humo yuko mzee mmoja, mkulima, ambaye kwa miaka zaidi ya hamsini amekuwa mpenzi wa bendi moja tu, ile iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Katika muda huo ameifikiria sana, na amefikia hukumu ambazo huzitoa barazani bila kusita. Hukumu hizo zastahili kupimwa kama zipimwavyo za mhakiki yeyote, kwa kuwa nyimbo za dansi ni sehemu kubwa ya utungo wa Kiswahili wa karne ya 20, na aghalabu wazijuao zaidi ni watu wasioandika.

Hukumu yake ya kwanza ni juu ya jina. Bendi hii ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Kila chama kilipobadilishwa, bendi nayo ilibadilishwa jina: ikawa JUWATA Jazz, na baada ya mwaka 1991 ikawa OTTU Jazz. Vijana huuliza kama bendi iliyovuliwa na kuvikwa majina mara nyingi hivyo yaweza kuitwa bendi ile ile. Mzee hujibu kwamba jina la chama lilikuwa vazi, na mwili wenyewe ulikuwa mtindo. Zama hizo kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Western Jazz walikuwa na Saboso, Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Orchestra Safari Sound walikuwa na Ndekule, na NUTA walikuwa na Msondo. Mtu aliyetoka kwake jioni kwenda dansini hakusema anakwenda kusikiliza chama cha wafanyakazi. Alisema anakwenda Msondo. Bendi ilipotoka mikononi mwa chama, jina la mtindo ndilo lililobaki, likawa jina la bendi. Katika jambo hili mzee ana haki kabisa. Wanafunzi wa ushairi hawatashangaa, maana wao nao wajua kwamba bahari ya shairi haizikwi pamoja na mtunzi.

Kwa sababu hiyo hiyo mzee hawalaumu waimbaji waliohama. Muhidini Maalim Gurumo, aliyekuwamo tangu mwanzo, aliondoka mwaka 1978, akawa miongoni mwa walioiunda Mlimani Park. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Kisha akarudi alikoanzia. Hassani Rehani Bitchuka naye alipita pande zote mbili. Mzee husema kuwa huko ni kutembeleana kwa ndugu, na kwamba Sikinde ni mtoto wa Msondo. Hapo upenzi unamponza. Mtoto akikubaliwa kuwa mtoto, ni lazima akubaliwe pia kuwa alijifunza mengine nje ya nyumba: Mlimani Park ilipata kiongozi katika Michael Enoch, aliyelelewa katika Dar es Salaam Jazz, na jinsi alivyozipanga ala za kupuliza haikuwa nakala ya mtu. Mzee akiambiwa hayo hukohoa, akauliza habari za mvua.

Hukumu yake iliyo nzito zaidi ni juu ya umbo la wimbo. Wimbo wa dansi wa Tanzania kwa kawaida una sehemu mbili. Katika ya kwanza mwimbaji husimulia kisa kwa utulivu, wenzake wakamwitikia, na tarumbeta zikajibu mwisho wa kila ubeti. Katika ya pili maneno hupungua, magitaa hukimbizana, na wachezaji huchemka. Mzee ashikilia kwamba kisa hakina budi kukamilika kabla ya magitaa kupewa ruhusa. Wimbo unaokatiza kisa huuita barua iliyochanika. Huchukia zaidi desturi ya ukumbini ambapo mwimbaji huacha kisa katikati ili ayataje majina ya matajiri waliomtunza.

Asili ya kipimo hiki si ngumu kuiona. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kutoka huko zikaifikia nchi nzima. Mtu wa Fukayosi hakuona jasho la wapigaji wala hakukanyaga sakafu ya ukumbi. Alipata sauti tu, katika redio ya betri, akiwa ameketi. Msikilizaji wa namna hiyo hufuata maneno. Mpenzi wa Magomeni au Ilala, aliyechoka kwa kazi ya wiki nzima, angesema kinyume: kwamba kisa ni mlango, na chumba chenyewe ni pale gitaa la Saidi Mabera linapoanza kukimbia. Wote wawili wasema kweli, lakini ile ya mkulima ndiyo ambayo wasomi wa fasihi wameipuuza, nayo ndiyo iwapasayo wao zaidi, kwa kuwa yathibitisha kwamba nyimbo hizi zilisikilizwa kama utungo, mstari kwa mstari, na watu walioyapima maneno kama wayapimavyo ya mashairi.

Tangu TX Moshi William alipofariki mwaka 2006, mzee husema, hajatokea msimulizi. Hii si hukumu, ni matanga. Tena kumbukumbu yake huchagua. Hutaja nyimbo za ndoa, za ulezi na za umaskini, akasahau kwamba bendi hiyo hiyo iliimba nyimbo nyingi za kukisifu chama na siasa ya nchi, ambazo nyingine zilikuwa hotuba zilizotiwa gitaa tu.

Lakini ana swali moja lisilopata jibu. Mwaka 2013 Gurumo alistaafu, na Diamond Platnumz, kijana wa bongo fleva, akamzawadia gari. Wengi walisifu. Mzee hakukosoa zawadi. Aliuliza kwa nini mtu aliyeimba karibu miaka hamsini angoje hisani ya mwimbaji wa mtindo mwingine, wakati nyimbo zake zilipigwa redioni kila wiki. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Liko pia jambo ambalo mzee hakuliona mwenyewe, akaonyeshwa na mkewe. Msondo, kabla ya kuwa mtindo wa dansi, ni ngoma ndefu ya unyago. Wakwere wa Fukayosi, kama jirani zao Wazaramo, waliwafunda wanawali wao kwa ngoma na nyimbo, na waliofunda walikuwa wanawake. Mzee hulipenda jina hilo kwa sababu, asemavyo, bendi imeendelea kufunda. Siku moja mkewe, akipepeta mchele karibu na baraza, alimjibu hivi: "Unyagoni tulifundwa na mama zetu. Hao wako ni wanaume watupu, na kila wimbo mkosa ni mke." Neno lake limezidi kweli kidogo, kwani zipo nyimbo zinazomlaumu mume mlevi na baba mtoro. Hata hivyo mhakiki akizipanga nyimbo za bendi hii, za enzi ya NUTA na za enzi ya OTTU, ataona kwamba sauti inayosimulia ni ya mwanamume karibu daima, hata pale ambapo mwenye machungu ni mwanamke. Waliochukua jina la ngoma hawakuwachukua wenye ngoma.

Mzee hakumjibu mkewe siku hiyo. Tangu hapo, wimbo wa Msondo ukipigwa redioni, humwita aje asikilize, na ukiisha humwuliza kosa lilikuwa la nani.