Fono ya Baba na Misa ya Kamina



Wimbo uliokwisha kuingia katika sahani hupewa heshima kubwa. Kwaya ikitaka kujifunza wimbo, mtu husema mara moja: «Tusikilize kwanza wenyewe walivyouimba.» Siku hizi sahani zimekuwa chache, na wimbo umo ndani ya simu, lakini maneno ni yale yale. Swali langu ni hili: je, sahani ni bwana wetu, au ni shahidi tu? Nitaeleza kwanza niliyoyaona nyumbani kwetu, kisha tutapima sahani mbili zilizotoka Katanga, nanyi mtahukumu.

Nilikulia Jadotville, ndio Likasi ya leo. Nilipokuwa na miaka saba hivi, baba alinunua fono. Alikuwa ameweka akiba mwaka mzima, na mama alikuwa amenung'unika mwaka mzima. Lilikuwa sanduku jeusi lenye mpini ubavuni. Halikutaka umeme. Ulizungusha mpini, kamani ikakaza ndani, na sahani ikaanza kuzunguka mara 78 kwa dakika. Sindano ilikuwa ya chuma. Baba alituagiza tuibadili kila mara upande mmoja unapokwisha, kwa maana sindano iliyochakaa hula sahani. Sisi watoto tuliona huo ni upotevu wa mali. Alipokuwa kazini tulitumia sindano moja mchana kutwa, na ndiyo maana sahani zetu zilikoroma kama mtu mwenye mafua. Tena zilikuwa nzito, lakini zilivunjika kama chungu. Moja ilivunjika mikononi mwangu. Sitasema nilipata nini jioni ile.

Kamani ilipolegea, sauti ilishuka: mwimbaji aliyeanza akiwa kijana alimaliza akiwa mzee. Tulicheka sana, kisha tukakimbilia mpini ili tumrudishie ujana wake.

Siku moja kambo yetu, mama yake baba, alifika kutoka kijijini. Tukampa kiti karibu na fono, tukamwekea sahani. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kidogo. Wimbo ukaisha, sindano ikabaki inakwaruza. Kambo akatutazama, akauliza: «Mbona amenyamaza? Nani amemchukiza?» Tukamwambia: «Hapana, kambo, wimbo umekwisha.» Akasema: «Umekwishaje? Hata hajaanza.»

Kesho yake alikuwa anatwanga pamoja na mama, naye akaimba. Aliita, mama akaitika. Jina langu likaingia katika wimbo, na jina la jirani aliyepita, na mbuzi aliyeiba muhogo. Nilingoja mwisho, kama nilivyozoea kungoja mwisho wa sahani. Nikamwuliza: «Kambo, wimbo huu unaishia wapi?» Akajibu: «Unga ukiwa tayari.»

Wakati ule nilidhani hajui muziki. Leo najua ni mimi niliyekuwa sijui. Upande mmoja wa sahani zile ndogo za sentimeta 25 ulichukua dakika tatu hivi. Dakika tatu hazikuwa desturi ya wimbo wetu. Ulikuwa upana wa sahani. Wimbo ulikatwa ili uenee ndani yake, kama kitambaa kinavyokatwa kwa kipimo cha meza na si kwa kipimo cha mtu. Na sisi tuliokua na fono tukaanza kuamini kwamba kipimo cha meza ndicho kipimo cha mtu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alijifunza gitaa kwa kufuata sahani. Dakika ya tatu alikoma ghafula, hata kama watu walikuwa bado wanacheza. Ukimwuliza kwa nini, alijibu: «Ndivyo ilivyo.»

Kijana huyo alikuwa anafuata sahani ya Masanga, ya Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini na kuzunguka nchi nyingi akinasa muziki, alimkuta Mwenda kwetu Jadotville, akanasa gitaa lake. Mwenda alicheza kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini ukisikiliza utadhani wako watu wawili au watatu: mmoja anatembea chini, mwingine anaongea juu. Hiyo ni sahani nzuri kweli. Bila sahani, kijana wa ofisini wa Jadotville angejulikana mtaani kwake tu. Kwa sahani alijulikana mbali, hata Nairobi.

Lakini sikilizeni hili. Mwenda mwenyewe hakuwa mtumwa wa sahani yake. Mtaalamu David Rycroft aliuchunguza uchezaji wake, akachapa uchunguzi huo mwaka 1961 na 1962, na jambo aliloonyesha ni jinsi Mwenda anavyobuni papo hapo: anarudia, anageuza, anaongeza. Kijana wetu alishika dakika tatu za siku moja akaziita Masanga. Mwenda alikuwa na Masanga ndani yake, na siku ile alitoa dakika tatu tu.

Sasa tuje kwenye sahani iliyo karibu zaidi na kanisa. Mwezi wa Machi 1958, huko Kamina, watoto na walimu wa masomo waliimba Misa Luba, chini ya uongozi wa Padri Guido Haazen, Mfransiskani kutoka Ubelgiji. Kikundi chao kiliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka ule ule walikwenda Ulaya, wakaimba katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, na misa yao ikaingia katika sahani ya Philips. Maneno ni ya Kilatini, kwa maana Mtaguso wa Vatikano ulifungua mlango kwa lugha za watu baadaye, mwaka 1963. Lakini sauti ni za kwetu. Kyrie inafuata kasala, wimbo wa kilio wa Baluba. Mmoja anaita juu, peke yake, na wengi wanaitika chini kama watu waliokaa pamoja msibani. Sanctus inaanza kwa upole, kisha ngoma zinaingia bila kufunika maneno. Nasema wazi: sijasikia sahani nyingine iliyowaonyesha watu wa nje kwa uzuri namna hii kwamba Mwafrika aweza kusali kwa sauti yake mwenyewe. Ilifika hata mahali pasipotazamiwa: mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson aliiweka Sanctus hiyo katika filamu yake if....

Sahani hiyo ilipofika parokiani kwetu, padri alituita watoto wa kwaya tuisikilize kwenye fono yake ya umeme. Mimi niliishika Kyrie yote. Nilijua mahali mwimbaji anapovuta pumzi, nami nikavuta pumzi pale pale. Nikamwimbia mwalimu wetu wa kwaya nikitazamia sifa. Alinitazama, akasema: «Umechukua pumzi ya mwenzako, mwanangu. Yako iko wapi?»

Sikumwelewa. Tena, kwa aibu naungama, sikumwelewa hata nilipokuwa mtu mzima na kupewa kwaya mimi mwenyewe. Tulipojifunza Kyrie ile, nilileta sahani, nikaitumia kama fimbo. Kulikuwa na mama mmoja, mjane, mwenye sauti ya kutegemewa. Ilipofika zamu yake ya kuita, aliongeza mgeuko ambao haumo katika sahani. Nilimkatiza mbele ya wote: «Mama, fuata sahani.» Akaufanya tena. Nikamkatiza tena. Akasema taratibu: «Kwetu ndivyo tunavyolia.» Jumapili iliyofuata hakuja kwaya, wala ile nyingine. Aliendelea kusali misani, lakini kwenye benchi la nyuma, kimya.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua kwanza. Misa Luba haikutoka katika kitabu cha noti. Waimbaji wa Kamina walikuwa na njia za nyimbo za zamani, na ndani ya njia hizo walibuni wakati wa kuimba. Noti zilizochapwa zilikuja baadaye, zikifuata sahani. Maana yake ni nini? Maana yake yule mjane, aliyeongeza kilio cha kwao, alikuwa karibu na waimbaji wa Kamina kuliko mimi niliyeshika sahani mkononi. Yeye alifanya walichofanya. Mimi nilirudia walichoacha.

Je, nitasema basi tuvunje sahani? Hapana. Kambo yangu alifariki, na hakuna aliyenasa sauti yake. Wimbo wake wa kutwanga nimebaki nao nusu nusu: najua kiitikio, na maneno ya wito yamenipotea. Kama fono ya baba ingeweza kunasa kama ilivyoweza kuimba, ningetoa sahani zetu zote ili nipate dakika tatu za kambo, hata zenye kukoroma. Asiyeona faida ya sahani bado hajafiwa na mwimbaji wake.

Kwa hiyo hukumu yangu ndiyo hii. Sahani ni shahidi mwaminifu: inasema kweli juu ya siku moja, watu fulani, mahali fulani. Tumsikilize kwa heshima. Lakini shahidi hakai kiti cha hakimu. Ninyi viongozi wa kwaya, wasikilizeni wa Kamina mara kumi, kisha fungeni fono, au zimeni simu, mkaimbe. Mzee akileta mgeuko wa kwao, mwacheni amalize kwanza, ndipo mseme. Tena, ninyi vijana wenye simu zinazonasa sauti, nendeni kwa kambo zenu juma hili, wakiwa bado wanatwanga, mnase wimbo wote mpaka unga uwe tayari.

Mimi nilikwenda kwa yule mjane kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti. Nikamwomba anifundishe ule mgeuko. Akacheka, akasema: «Siku ile niliufanya hivi. Leo sijui utatokaje.» Kisha akaimba.